Safari za Siku Moja Kutoka Kewanja: Tuufuate Mto Mara Pamoja na Watoto

Kijiji cha Kewanja, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime, kinajulikana nchini kwa jambo moja tu, nalo ni dhahabu. Mgeni anayefika hapa huyaona marundo ya mawe yaliyochimbuliwa, vumbi la magari makubwa na uzio wa mgodi. Watoto waliozaliwa hapa wanaijua milipuko ya baruti kuliko wanavyoujua Mto Mara, ambao hauko mbali na milango yao. Familia nyingi zimehamia kutoka mikoa mingine kwa ajili ya kazi, nazo huiona ardhi hii kama mahali pa kuchuma tu. Watoto wao watakua na kuondoka wakidhani kuwa walilelewa katika vumbi, kumbe walilelewa kati ya Serengeti na Ziwa Viktoria.

Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kuutazama uumbaji wa Mola wetu. Hakuna sharti kwamba matembezi hayo yawe ya mbali au ya gharama kubwa. Kwa hiyo tumeona vyema kuwapangia wasomaji wetu wa Mara safari tatu za gari, ambazo familia inaweza kwenda na kurudi siku ile ile. Zote tatu zinahusiana na Mto Mara.

Mto huu huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ukapita katika mbuga ya Maasai Mara, ukaingia Serengeti, ukateremka kusini mwa Nyamongo, kisha ukatanuka kuwa bwawa kubwa la mafunjo kabla ya kumwaga maji yake ziwani karibu na Musoma. Urefu wake ni kilomita 395 hivi. Mto Tigithe unaopita katika vijiji vyetu nao huingia humo. Ndiyo maana maji ya mgodi yalipovuja na kuingia Tigithe mwaka 2009, habari ile haikuwa ya Nyamongo peke yake. Machi 2022 maji ya Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, na mjadala ukaendelea kwa muda mrefu. Mtoto aliyeona kwa macho yake yanakotoka maji na yanakokwenda ataelewa kwa nini mambo haya yanawagusa watu wengi.

Safari ya kwanza ni ya kuelekea Mugumu na Serengeti. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, yenye urefu wa kilomita 87 hivi, hupita Nyamongo, na ukivuka Mto Mara umeingia wilaya ya Serengeti. Kutoka Mugumu familia inaweza kufika lango la Fort Ikoma, lililochukua jina la ngome ya Wajerumani iliyojengwa huko zama za ukoloni. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na kutambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Eneo lake ni kilomita za mraba 14,763.

Msiwaahidi watoto kwamba watawaona nyumbu wakivuka mto. Makundi makubwa huwa kaskazini, pande za Kogatende na Lamai, kati ya Julai na Oktoba, na kutoka Fort Ikoma huko ni mbali mno kwa safari ya siku moja. Waambieni watawaona wanyama ambao Mola atawajaalia kuwaona. Swala, pundamilia na twiga watatosha kuwafurahisha. Ulizeni viingilio vya raia na vya gari katika ofisi za TANAPA kabla ya siku ya safari, kwa kuwa malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali na si kwa fedha taslimu langoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo chakula kiwekwe katika vikapu na vyombo. Jambo jingine kwa akina mama: mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Mabuibui meusi yabaki nyumbani siku hiyo, na badala yake pavaliwe mavazi ya stara yenye rangi ya kaki au ya udongo.

Safari ya pili ni ya kwenda ziwani. Mnapita Tarime, mnaishika barabara kuu inayotoka Sirari kwenda Mwanza, na mnafika daraja la Kirumi. Hapa Mto Mara hauonekani tena kama mto. Ni uwanja mpana wa mafunjo na ndege. Gari lisiegeshwe juu ya daraja wala ukingoni mwa lami. Dereva atafute mahali salama pembeni, na kila mtoto ashikwe mkono. Waelezeni watoto kazi ya mafunjo haya: hupunguza kasi ya maji na kuzuia tope jingi lisifike ziwani. Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba kwa ajili ya kuulinda mto huu.

Kutoka Kirumi mnaendelea hadi Musoma, makao makuu ya mkoa, mji uliozungukwa na maji. Ziwa Viktoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, na mtoto aliyezoea kuona vilima vya mawe atastaajabu kuona maji yasiyo na ng'ambo. Mwaloni mtanunua sato au sangara wabichi wa kupeleka nyumbani, basi chukueni ndoo yenye mfuniko. Hata hivyo watoto wasiingie majini. Kichocho hupenya katika ngozi bila kuonekana, na viboko na mamba wapo. Kukaa kivulini na kutazama mawimbi kunatosha.

Safari ya tatu ni ya Butiama, kijiji alichozaliwa Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922 na alikozikwa Oktoba 1999. Mkimaliza daraja la Kirumi mnaendelea hadi Makutano, mkaikata barabara ya Butiama. Pale pana makumbusho yanayohifadhi vitu vyake, na makaburi ya familia yapo Mwitongo. Kila msomaji wetu ana maoni yake kuhusu siasa za zama zile, na hatuna haja ya kuyaficha mbele ya watoto waliokwisha kupata akili. Bali ziara hii ni nafasi nzuri ya kuwasimulia sehemu ya historia wasiyoisikia mara nyingi: kwamba mwalimu huyu kutoka kabila dogo la Wazanaki alipofika Dar es Salaam alipokewa na Waislamu wa mjini, wakiwemo Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, na kwamba TANU iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954 ilijengwa pia kwa mali na jasho lao. Mtoto akiyasikia hayo akiwa amesimama Butiama hatayasahau.

Kuna ramani inayoonyesha kwamba mtu anaweza kwenda Mugumu, akapita Nata hadi Butiama, kisha akarudi kwa Kirumi na Tarime. Ni mzunguko mzuri kwa watu wazima wanaolala njiani. Kwa familia yenye watoto wadogo, siku moja haitoshi, na dereva aliyechoka ni hatari kwa wote.

Sala isiwe jambo la kukumbukwa njiani, ipangwe tangu nyumbani. Huku Mara adhuhuri huingia karibu saa 7 kasorobo mchana, na jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, kwa mwaka mzima. Kibla kiko kaskazini, kikiegemea kidogo mashariki. Katika madhehebu ya Shafi, safari inayoruhusu kupunguza sala ni ile inayopindukia kilomita 80 hivi kwa kwenda tu. Musoma na Butiama kupitia Tarime zinafikia umbali huo, hivyo wasafiri wanaweza kukusanya na kupunguza adhuhuri na alasiri. Mugumu peke yake haifikii. Anayeendelea hadi hifadhini asome kilomita za gari lake na amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka. Tarime, Mugumu na Musoma ni miji yenye misikiti. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini ovyo, hivyo sala ifanywe katika maeneo yaliyotengwa kwa mapumziko. Dua ya kupanda chombo, ambayo asili yake ni Suratuz-Zukhruf, isomwe na mtoto mmoja kwa sauti na wengine waitikie.

Kuhusu gharama, familia nyingi za Kewanja hazina gari. Familia mbili au tatu zinaweza kukodi Noah au Hiace kwa pamoja, zikachangia mafuta na viingilio. Mkiweka akiba kidogo kila mwezi, safari moja kwa mwaka inawezekana. Chakula kipikwe nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na maji ya kutosha. Hapo mtakuwa mmeokoa fedha na kuondoa shaka ya halali. Dereva akague breki, matairi, tairi la akiba na jeki usiku wa kuamkia safari. Asizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huteleza, basi chagueni safari ya lami ya ziwani. Ondokeni mara baada ya sala ya alfajiri, na ikifika saa 9 alasiri gari liwe limegeuza kurudi nyumbani.

Tunawaomba pia msiwaache wazee na akina mama kwa kisingizio cha nafasi. Bibi wa Kikurya aliyeijua ardhi hii kabla ya mgodi kufunguliwa mwaka 2002 ni mwalimu ambaye hakuna kitabu kitakachochukua nafasi yake. Akalishwe kiti cha mbele, na watoto waulize majina ya vilima na vijito wanavyovipita. Majina hayo yasipotajwa garini leo, wajukuu watayakuta katika ramani za wachimbaji tu, tena yakiwa yameandikwa kwa makosa.