Babu Alikataa

Kasongo, Ijumaa 4 Machi 2022

Babu hajui herufi za Kizungu, lakini madeni yote ya mawese ameyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mdaiwa akikana, anafungua daftari, maneno yanaisha. Herufi hizo alizipata kwenye chuo cha Kurani. Utotoni mwake masomo yalikuwa mikononi mwa mapadri, kwa ruzuku ya Wabelgiji, na mtoto wa Kiislamu aliyekwenda kuketi darasani alijua ubatizo unamngoja. Babu akakataa. Mdogo wake akakubali, akapewa jina la mtakatifu, akawa karani wa teritwari. Ramadhani alifunga kwa siri.

Jumapili 6 Machi

Barazani leo wamemsema tena marehemu karani, eti mwoga. Sikubali. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Kardinali Malula alipopinga, alinyang'anywa nyumba, akaenda kukaa Roma. Jina ambalo karani wetu alilichukua kwa kulazimishwa likafutwa kwa kulazimishwa. Alicheka, wanasema, mpaka akapaliwa. Na mwaka huohuo serikali ileile ikaitambua jumuiya ya Waislamu, hii tunayoiita leo COMICO! Sasa mtu angemfuata nani?

Kabambare, Jumanne 15 Machi

Pikipiki, matope, kiuno hakifai.

Shangazi amenipa karatasi ya dawa nimsomee. Vidonge viwili asubuhi, kimoja jioni. Kumbe alikuwa akimeza vyote vitatu asubuhi. Babu hakumpeleka kwa mapadri, na chuoni alitolewa alipomaliza Juzuu Amma. Msichana, ilisemwa, imemtosha. Msimamo ulikuwa wa babu, aliyeulipia ni binti yake, na hakuna aliyemwuliza. Hilo barazani Kasongo sijalisikia hata mara moja.

Usiku kikao. Kaka zake shangazi wanataka kumwoza mjukuu wake kabla ya mtihani wa diploma. Mtoto yuko kwenye shule ya Kiislamu inayofuata programu ya serikali, hijabu kichwani, fizikia mkononi. Wakataja mila, wakataja dini, wakataja mbuzi. Shangazi akangoja wamalize.

"Mkiipokea hiyo mahari, mtaniozesha mimi."

Sheki alicheka wa kwanza. Kaka mkubwa akatoka bila kuaga. Shauri limeahirishwa hadi baada ya Ramadhani, na shangazi ameshaniagiza nimletee mtoto kitabu cha kemia kutoka Kasongo.