Jioni ya Amanani

Tangu juzi watu wanne wameniuliza, "Pasta, ni kweli ulipeleka watoto Halloween hapa Lumakanda?" Ndiyo, nilienda, pamoja na mama mchungaji na watoto wote.

Hakukuwa na barakoa wala maboga ya kuchongwa (boga kwetu ni chakula). Vijana walichagua 31 Oktoba kwa sababu wameiona kwenye simu, lakini kilichofanyika ni kile mimi na wewe tulikulia: moto uani, njugu za kukaanga, na kukhu mmoja akisimulia habari za amanani, yale mazimwi yanayomeza watu. Lake lilimeza kijiji kizima, na ng'ombe pia. Kisha kitinda mimba, yule aliyedharauliwa na wote, akalikata kidole kidogo, na watu wakatoka humo mmoja mmoja, hai. Kijana wangu mdogo, aliyekuwa amejificha ndani ya leso ya mamake, akatoa kichwa: "Baba, huko ndani walikuwa wanapumua vipi?" Nikamwambia amwulize Yona.

Najua hofu yako si ya bure. Wapo kati yetu waliotoka kwa waganga, na zipo boma zilizovunjwa na tuhuma za uchawi. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli na kuwauliza wafu, na hapo sitalegeza hata kidogo. Lakini fungua 1 Samweli 28. Sauli anabadilisha mavazi, anaenda Endori usiku kwa mwanamke wa kupandisha wafu. Inatisha, na imo ndani ya Biblia. Sauli aliliita giza. Aliyeandika alilisimulia tu. Hizo si kazi moja.

Na hiyo tarehe? Jina Halloween lenyewe latokana na mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, 1 Novemba. Martin Luther naye alitoa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba, 1517. Shetani hana hati ya kumiliki siku yoyote.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni mtoto anayetazama filamu za kutisha kwa simu, chini ya blanketi, peke yake, bila mtu wa kumwambia kwamba zimwi lilikufa. Wangu aliniita mara mbili usiku ule. Tukaomba, akalala.

Soma Zaburi ya 78, uone wazazi wanaagizwa wasiwafiche watoto nini. Je, wako wanajua ulivyookoka? Wanajua ile homa iliyokaribia kukuua?

Kama uliwazuia wasije, sijakasirika. Kukhu anasimulia tena Ijumaa, saa moja jioni. Nimemwomba akimaliza amanani atueleze siku aliyompokea Yesu, maana hata wajukuu wake hawajawahi kuisikia.