Tamthilia ya Kale na Watazamaji wa Kashikishi

Ndugu walimu wenzetu mnaofundisha katika miji mikubwa, yumkini mtashangaa mkisikia kwamba darasa letu la jioni hapa Nchelenge hufuata kalenda ya mwezi. Mbalamwezi ikiwa kamili, wavuvi wa chisense hawaingii ziwani, kwa kuwa samaki hao wadogo, jamaa ya dagaa, huvutwa kwa taa, na taa haina kazi usiku ulio mweupe. Siku hizo ndizo tupatapo wanafunzi wengi. Na siku hizo hizo ndizo lijaapo banda la video la Kashikishi. Kwa muda mrefu tulishindana na banda hilo, na mara nyingi tukashindwa. Hatimaye tuliona ni afadhali darasa lihamie huko huko.

Wanafunzi wetu si wa shule. Ni wachuuzi wa samaki wanaouziana na Wakongo wa ng'ambo ya Ziwa Mweru na wafanyabiashara watokao Tanzania, ni vijana wa mitumbwi, ni akina mama wa sokoni. Tangu Jumuiya ya SADC ilipokubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, katika mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, wamekuwako pia wachache wanaodhani lugha hii itawapatia kazi ya ofisini. Hao hatuwavunji moyo.

Mchezo uliotawala bandani ni Diriliş: Ertuğrul, tamthilia ya Waturuki iliyoanza kuonyeshwa kwao Desemba 2014 katika idhaa ya TRT 1, ikamalizika Mei 2019 baada ya misimu mitano na sehemu 150, nyingi zikiwa na urefu wa saa mbili hivi. Mtungaji wake ni Mehmet Bozdağ. Yasimulia habari za kabila la Kayı katika karne ya 13, wafugaji wanaohamahama na mahema yao wakitafuta malisho, na habari za Ertuğrul, baba yake Osman aliyeasisi dola ya Waosmani. Iliyotufikia sisi ni ile iliyotiwa sauti za Kiswahili kwa ajili ya watazamaji wa Tanzania. Ilikuja ndani ya flashi, kupitia Nakonde, mifukoni mwa wachuuzi. Kwa hiyo sehemu nyingine zilipotea njiani, na nyingine zilikuja mara mbili. Hakuna aliyelalamika.

Hatuna budi kusema wazi kwamba wataalamu wa historia wanajua machache mno juu ya Ertuğrul. Sarafu ya mwanawe yataja jina la baba, nasi twajua kwa hiyo kwamba aliishi. Mengineyo yaliandikwa zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake. Uwanda huo mtupu ndio uliompa mtunzi nafasi ya kujenga zamani yenye kupendeza: wazee wenye hekima, vijana watiifu, na wasaliti ambao hugunduliwa daima, ingawa kwa kuchelewa.

Wala msidhani kwamba maoni ya watazamaji juu ya michezo ya namna hii ni porojo za barazani tu. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, akiwa waziri mkuu wa Uturuki, aliikemea hadharani tamthilia nyingine, Muhteşem Yüzyıl, kwa kumwonyesha Sultani Süleyman akikaa mno na wake zake ndani ya jumba, hali mfalme huyo alitumia miaka mingi juu ya farasi. Ertuğrul nayo, waziri mkuu wa Pakistan wa wakati huo, Imran Khan, aliwahimiza watu wake waitazame, ikaonyeshwa kwa Kiurdu tangu Ramadhani ya 2020. Na mwaka huo huo, mwezi Februari, ofisi ya fatwa ya Misri ilikuwa imewaonya watu wasiitazame. Mchezo mmoja, watu wale wale wenye ndevu na panga, na kila nchi iliona chake.

Basi tukawapa wanafunzi kazi: kila mmoja akusanye maoni ya watu watatu, ayaandike kwa Kiswahili, ayasome mbele ya wenzake.

Maoni ya vijana wa mitumbwi yalikuwa mengi na yalifanana. Walipenda farasi, ambao hapa hatunao. Walimpenda Turgut na shoka lake, na Bamsi mwenye panga mbili, anayepigana kama simba na kucheka kama mtoto. Walisema enzi zile mtu akiapa ameapa, siyo kama siku hizi ambapo mwenye mtumbwi huahidi fungu moja na kulipa nusu. Tulifurahi kuona maneno kama kiapo, msaliti, hema na wosia yakiingia vinywani mwao pasipo sisi kuyafundisha. Ilitokea hata mwanafunzi wetu mmoja sokoni akatuambia, “Naapa kwa upanga wa baba yangu, Bakafundisha, samaki hawa ni wa leo.” Hawakuwa wa leo. Lakini sentensi ilikuwa sanifu, tukanunua.

Mzee mmoja wa Kilunda, ambaye wote twamwita Batata, alikuwa na maoni mengine. Alitazama usiku mmoja tu, akasema, “Watu hawa ni sisi.” Akaeleza jinsi Walunda walivyotoka magharibi, katika nchi ya Mwata Yamvu, wakavuka mto Luapula katika karne ya 18 na kuweka utawala wa Mwata Kazembe. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe hucheza mutomboko akiwa ameshika upanga na shoka, na maelfu ya watu huja kumwona. “Shoka la yule kijana wa kwenye video nimeliona tangu utotoni,” alisema Batata. “Tofauti ni kwamba wao wana kamera.”

Maneno hayo yaliposomwa darasani, mzee mwingine aliyekuwa ameketi nyuma, Mshila wa ukoo wa wavuvi wa tangu zamani, aliomba ruhusa ya kusema. Waturuki walipofika kwenye malisho yao, alisema, kulikuwa na watu ndani ya zile ngome. Mchezo wawaonyesha kuwa waovu karibu wote. “Wajukuu wa watu wale wa ngome,” aliuliza, “wao hutazama mchezo gani?”

Banda lilikuwa kimya kidogo. Kila mtu wa pwani hii alijua anachokisema. Kabla ya Walunda, bwana wa ziwa alikuwa Nkuba wa Washila. Masimulizi ya hapa yasema kwamba Nkuba alimwua mwana wa dada yake, Nachituti, na ngozi ya marehemu ikafanywa mkeka wa kukalia. Mama huyo, alipojua, alimwendea Kazembe kuomba kisasi. Kazembe akamwua Nkuba. Na Nachituti akamkabidhi mshindi kikapu cha udongo na chombo cha maji, maana yake nchi na ziwa. Walunda husimulia kisa hiki kama hati ya haki yao. Mzee wetu wa Kishila alikisimulia kisa kile kile pasipo kubadili hata tukio moja, na kikawa msiba.

Nasi walimu wa Kiswahili tusijitoe katika hesabu hii. Lugha tunayoifundisha ilifika kandokando ya Mweru pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Livingstone alipoliona ziwa hili Novemba 1867 aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia, na mwaka huo huo Tippu Tip alikuwa amemshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, mashariki ya hapa. Ushindi huo ameueleza yeye mwenyewe katika habari za maisha yake, kitabu tunachokiheshimu, na kwa haki, kuwa miongoni mwa nathari za mwanzo za lugha yetu. Tumekisoma mara nyingi kwa ajili ya ufasaha. Upande wa Nsama haukuacha kitabu.

Hadi hapo tulikuwa tumeridhika sana na darasa letu, na kuridhika huko ndiko kulikotuponza.

Palikuwa na mama mmoja, mtu wa Pweto, ng'ambo ya Kongo. Alivuka mwaka 2017, wakati maelfu walipokimbia mapigano ya huko wakaingia wilaya yetu, na anaishi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018. Siku za soko huja Kashikishi kuuza mandazi. Kiswahili amezaliwa nacho, lakini ni kile cha Katanga. Kwetu alitaka kujifunza kukiandika. Kila alipoandika bantu tulipitisha kalamu nyekundu na kuandika watu. Alipoandika batoto, tukaandika watoto. Hakuwahi kubisha.

Wiki iliyofuata tulitoa insha yenye kichwa “Pambano Lililonipendeza”. Vijana walijaza kurasa. Mama yule alileta karatasi yenye jina lake tu. Tulidhani ni uvivu, na kwa kuwa siku ile tulikuwa na uchovu (wala huo si udhuru), tulimkemea mbele ya watu waliomzidi umri na waliozidiwa naye. Alisimama, akasema kwa upole, “Mwalimu, bale bantu banakufaka kila siku, nani anabazikaka?” Akachukua karai lake la mandazi, akatoka.

Hakurudi mwezi ule, wala mwezi uliofuata.

Tulikwenda Mantapala kumtafuta. Twakiri kwamba njiani tulikuwa tukitunga maneno ya kumfariji, na yote hayakufaa kitu, kwa maana hakuhitaji kufarijiwa. Alikuwa akikanda unga. Alituketisha, akatupa maji, akauliza hali ya darasa. Ndipo tulipomwomba maoni yake juu ya mchezo, kama mtazamaji yeyote, nasi tukatoa daftari.

Alisema mchezo ni mzuri. Alimpenda Hayme, mama yake Ertuğrul, kwa jinsi anavyosimama katikati ya kambi na watu wakanyamaza. Lakini kila mara maadui huja usiku, mahema yanawaka moto, wanawake wanapiga kelele na kukimbia na watoto. Kisha video inaruka, ni mchana, na kambi nzima ina mahema mapya. “Nani anashonaka zile hema mupya?” aliuliza. Usiku aliokimbia yeye alibeba watoto wawili na sufuria. Upande huu alipewa turubai moja, na ilimchukua majuma kuifanya iwe nyumba. Majuma hayo, alisema, ndiyo anayoyakumbuka kuliko bunduki. Katika mchezo majuma hayo hayamo kabisa. Vijana wa bandani hushangilia pale moto unapowaka kwa sababu wanajua Ertuğrul atalipiza. Yeye akitazama moto ule huhesabu sufuria.

Tuliandika maneno yake kama alivyoyatamka, herufi kwa herufi. Kalamu nyekundu ilikuwamo mfukoni, ikabaki humo.

Kisha, kabla hatujaaga, tuliomba radhi kwa lile la darasani. Alicheka kidogo akasema, “Yaya, njoo ununue mandazi siku ya soko.” Tulikuwa Mwalimu, sasa tumekuwa Yaya, ambaye kwao ni ndugu mkubwa. Hatukujua kama tumepandishwa cheo au tumeshushwa.

Mbalamwezi iliyofuata tulisoma maoni yake bandani, bila kumtaja. Baadhi ya vijana walipinga. Mmoja alisema mchezo ukionyesha watu wakishona mahema saa mbili nzima, nani atalipa kiingilio? Ni hoja ya haki, na mwenye banda aliiunga mkono kwa sauti kubwa. Mwingine alisema Waturuki hawakutunga mchezo kwa ajili ya Mantapala. Mzee wa Kishila hakusema neno, ila aligeuka na kututazama muda mrefu. Batata naye alisema kwamba mutomboko wenyewe una wapika pombe na watwanga unga ambao hawapigwi picha, na hajawahi kuwafikiria mpaka siku ile.

Tulibadili kichwa cha insha. Tuliandika ubaoni: “Asubuhi Baada ya Pambano”. Hapo kalamu zilisimama. Wale waliokuwa wakijaza kurasa tatu za panga walikaa wakitafuna kucha, kwa maana maneno hawakuwa nayo. Mchezo haukuwa umewafundisha.

Mama wa Pweto alikuwa amekwisha kurudi. Aliketi karibu na mlango, karai miguuni, akiandika polepole. Kijana mmoja wa mitumbwi, yule yule wa upanga wa baba yake, alisogea karibu naye akamwuliza kwa heshima, “Mama, hema likipasuka, mtu hulifanyaje?” Akamjibu kwamba hutiwa kiraka, unaanzia mahali palipo pazima, si penye tundu, na uzi uwe wa nguvu. Kijana akafikiri, akasema, kumbe ni kama wavu. Akasema ndiyo, ni kama wavu. Hilo alilijua tangu utoto. Akarudi mahali pake, akainama, akaanza kuandika.