Mkono wa Bibi

Mwaka 1987, nikijifunza kazi ya studio Tanga, nilimpiga bibi yangu picha amesimama mlango wa uani. Jua la saa tisa lilimpiga usoni. Mkono wa kushoto ulizama kivulini. Filamu iliposafishwa na kukauka, tuliwasha taa nyekundu ili tuchape picha kwenye karatasi. Fundi akanielekeza: karatasi namba 2 ni ya kawaida, namba 1 inalegeza tofauti ya weusi na weupe, namba 4 inakaza. Nikachukua namba 4. Akaniambia basi angalau nikinge upande wa mkono kwa kiganja sekunde chache, mwanga wa mashine ya kuchapia usiuchome wote. Nikajifanya sikusikia. Uso wa bibi ukatoka kama umechongwa, mkono ukawa giza tupu, nami nikaona ndiyo usanii.

Na kwenye negativu mkono ulikuwapo! Niliinyanyua mbele ya balbu, nikaona vidole vimeshika kitu. Sikujisumbua kukitazama. Mwaka 2004 tulihama nyumba, nikachoma boksi zima la negativu. Picha si zilikuwa kwenye albamu?

Mwaka jana binti yangu aliiskani ile picha. "Baba, subiri, nakutolea huo mkono sasa hivi." Kwenye kompyuta kijivu kilikuwa na ngazi 256, kuanzia 0, nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe. Sehemu yote ya mkono ilikuwa kati ya 4 na 11. Akaiamuru programu iifanye 4 kuwa 0, 11 kuwa 255, na zilizo katikati zitanuliwe kwa kadiri hiyo. Giza likapauka kweli, nikasogeza kiti. Lakini ngazi 8 zikitanuliwa hivyo, kutoka moja hadi nyingine ni mruko wa 36 hivi. Tulichopata ni mabaka kama ramani ya visiwa, na mkwaruzo wa albamu uliong'aa kuliko kitu kingine chochote. Kidole hata kimoja hakuna. Programu hutanua kilichopo, na kwenye karatasi ile mimi sikuacha kitu.

Shangazi anasema bibi alishika ufunguo wa stoo. Baba mdogo anaapa ilikuwa tasbihi. Kila Idi wanabishana, kisha wananigeukia mimi niliyepiga.

Kama una negativu kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, tafadhali usizichome. Ukipata wa kukuskania, mpe hizo kwanza kabla ya picha.