Bawabu Mmoja na Milango Miwili

Mchezo wa sataranji huchezwa juu ya ubao wenye vyumba 64. Mkubwa wa kila jeshi ni shaha, yaani mfalme. Wadogo ni vitunda. Kitunda huenda mbele tu, wala hakirudi nyuma, na kikimkuta adui mbele yake husimama.

Katika mwaka 1901 Emanuel Lasker, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa ulimwengu tangu 1894 hata 1921, na Gustavus Reichhelm wa Marekani, walitunga fumbo hili. Shaha Mweupe yuko a1, na vitunda vyake a4, d4, d5 na f4. Shaha Mweusi yuko a7, na vitunda vyake a5, d6 na f5. Herufi huonyesha safu kutoka kushoto, na tarakimu huonyesha mstari kutoka upande wa Weupe. Hakuna kitunda hata kimoja kiwezacho kusogea. Weupe wamezidi kwa kitunda kimoja, lakini kimekwama nyuma ya ndugu yake. Atazamaye kwa haraka husema, "Njia imeziba, hii ni suluhu."

Lakini boma hili lina milango miwili: b5 upande wa kushoto, na g5 upande wa kulia. Shaha Mweupe akiingia atakula vitunda vya adui. Shaha Mweusi ndiye bawabu wa pekee, naye yampasa kuilinda yote miwili.

Basi hesabu huanza penye hatari. Mweupe akiwa d3, aweza kwenda c4 kutafuta mlango wa kushoto, au e3 kuelekea wa kulia. Bawabu hana chumba cha kumfaa ila c7, apate kujibu b6 au d7. Ikiwa zamu ni ya Mweupe, milango inalindwa. Ikiwa zamu ni ya Mweusi, hana budi kuondoka, maana katika sataranji hakuna ruhusa ya kuacha zamu ipite. Na kila aendako, mlango mmoja hubaki wazi.

Kutoka hapo mtu huhesabu kurudi nyuma, chumba kwa chumba. Mweupe akiwa c3, bawabu awe b7. Akiwa c2, awe b8. Akiwa b2, awe a8. Akiwa b1, awe a7.

Sasa jibu limeonekana. Mweupe akianza kwa kwenda b1, bawabu yuko a7 na zamu ni yake, ameshindwa. Mweupe akikimbilia b2, kwa kuwa ni karibu zaidi na vita, bawabu huenda a8, ikawa suluhu. Na lau Mweusi angalianza yeye, angalikwenda b7 na kuokoka.

Boma ni lile lile, na vitunda ni vile vile. Hatua moja ndiyo iliyotenga ushindi na suluhu. Mwenda pole hajikwai. Neno "haiwezekani" lisitamkwe kabla hesabu haijakwisha.