Oili ya gari la kaka: sheli au kwa mzee?

Nimerudi Kizumbi salama, chumba kina vumbi la wiki mbili na bumu bado halijaingia, kwa hiyo msosi ni ule ule mnaoujua. UE zilipoisha nilikimbilia nyumbani Geita, na leo sina hamu ya kuzungumzia matokeo. Nataka niwasimulie habari ya oili. Ndiyo, oili ya injini. Msicheke kwanza, maana ada yangu inatoka humo.

Kaka yangu ana Toyota IST, mchomoko, anapiga ruti ya Geita na Katoro. Siku nzuri anarudi na hesabu ya elfu ishirini na tano baada ya mafuta, na kutoka hapo mama anakula, wadogo wanasoma, na mimi naitwa mwanachuo. Sasa bwana, nikiwa likizo kaka akapata habari kuwa kule Nyarugusu duara ambalo ana hisa kidogo limeanza kutoa mawe, akaondoka usiku. Hakuna anayekaa mbali wakati wa kugawana mifuko, si mnajua tena. Asubuhi akanipigia: "Mdogo wangu, gari limefika kilomita za sevisi. Nisaidie limwagwe oili kabla sijarudi Jumatatu. Peleka unapoona panafaa."

Unapoona panafaa! Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kila mtu nyumbani alikuwa na pake.

Mama alisema kwa mzee, basi. Huyu mzee ni fundi wa mtaani kwetu, gereji yake ni mwembe mmoja, kontena bovu na magogo mawili ya kukalia. Ujana wake alitengeneza malori ya ushirika wa Nyanza, enzi pamba ikiitwa dhahabu nyeupe na dhahabu yenyewe haijaanza kutusumbua vichwa. Alikuwa rafiki wa marehemu baba. Msiba wa baba yeye ndiye aliyetafuta gari la kubebea maiti, na hakutudai senti. Kwa mama, kupeleka gari kwingine ni sawa na kumtukana.

Madereva wenzake kaka pale stendi walisema sheli. Kuna shimo la kuingiza gari, oili iko kwenye galoni la kampuni yao lenye muhuri, ukinunua kwao ufundi ni bure, nusu saa umetoka. Binamu yangu, anayejua kila kitu, akasema nisipoteze hela, ninunue oili ya kupima ile ya pipa, wanayoweka bodaboda, lita elfu nane. "Oili ni oili tu," anasema.

Siyo kweli. Nilikaa na simu yangu siku nzima nikisoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Zile namba kwenye galoni, 5W-30 au 20W-50, zinaeleza uzito. Ile yenye W ni uzito wake injini ikiwa ya baridi, maana W ni kipupwe kwa Kiingereza, na ile ya mwisho ni uzito wake injini ikishachemka. Kwetu hapa kanda ya ziwa hakuna barafu, ndiyo maana mafundi wengi wanasema weka 20W-50, injini ya zamani na jua kali, inataka oili nzito. Kwa malori ya zamani mzee yuko sahihi kabisa. Lakini injini za hizi IST na Probox zina mnyororo wa taimingi unaokazwa kwa presha ya oili, na ule mfumo wa VVT-i nao unafanya kazi kwa oili kupita kwenye vitundu vyembamba. Oili nzito mno inachelewa kufika huko asubuhi unapowasha, na asubuhi ndipo injini inapokwanguka. Kwenye kifuniko cha oili cha gari la kaka imeandikwa kabisa 5W-30. Miaka yote hakuna aliyekisoma.

Kuna na herufi. Oili ya injini ya petroli ina alama ya API, halafu herufi S na nyingine mbele yake: SF, SL, SN, SP. Kadiri herufi ya pili inavyokwenda mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. SP imeanza mwaka 2020. SF ni ya magari ya kabla ya 1989, na wenye viwango wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya hapo. Nilipita maduka matatu mjini, na mawili kati yake yalikuwa na galoni la SF limepangwa mbele kabisa, zuri, linang'aa, bei chee. Ile ya pipa ya binamu haina herufi yoyote. Pipa ni pipa.

Halafu kuna kichekesho cha stika. Mlangoni mwa gari la kaka kuna karatasi ndogo ya Kijapani iliyokuja nalo, imeandikwa 19.8.4 na namba za kilomita. Madereva wote stendi wanaamini kwamba ilimwagwa oili mwaka 2019, wakati gari lenyewe liliingia nchini 2016! Nikapiga picha, simu ikatafsiri: kubadilisha oili, tarehe 4 Agosti, mwaka wa 19 wa Heisei. Wajapani wanahesabu miaka kwa enzi za mfalme wao, na Heisei 19 ni 2007. Yaani mtu fulani Japani aliandika kila kitu na kukibandika mlangoni, na sisi tunaobeba abiria kila siku hatuna hata daftari. Nimemnunulia kaka daftari.

Turudi kwenye hesabu, maana mimi ni mtu wa biashara. Gari linakwenda kama kilomita 200 kwa siku, vumbi, kusimama kila kituo, injini inanguruma likisubiri abiria. Watengenezaji wanayaita hayo matumizi magumu, na wanataka oili ibadilishwe mapema kuliko gari la mtu wa ofisini. Kaka anamwaga kila kilomita 5,000, maana yake kila siku 25, kama mara 14 kwa mwaka. Kwa mzee ni elfu hamsini na tano kila kitu: oili nzito, filta, na ufundi. Kwa oili sahihi yenye SP nilipata galoni la lita 4 kwa elfu sabini, filta elfu kumi. Injini yake inameza kama lita 3.7, kwa hiyo galoni moja linatosha. Weka na ufundi elfu kumi, jumla elfu tisini. Tofauti ni elfu 35 kila safari, karibu nusu milioni kwa mwaka. Hiyo ni hela, tusidanganyane.

Lakini jirani yetu mwenye mchomoko kama huu injini ilimfia mwaka jana. Alinunua ya mtumba kwa milioni moja na laki nane, gari likalala wiki mbili. Wiki mbili za hesabu ya elfu 25 ni laki tatu na nusu. Jumla inapita milioni mbili, yaani zaidi ya miaka minne ya ile tofauti. Na katika zile wiki mbili mtoto wake alirudishwa shule kwa ajili ya michango. Mimi ningerudishwa wapi? Kizumbi hawachukui mahindi.

Kwa hiyo swali la oili gani lilikwisha. Likabaki la nani aimwage.

Sheli nilikwenda kuangalia. Vijana wana adabu, shimo safi, na oili chafu inaingia kwenye tanki lake. Lakini hawakuwa na filta ya IST, na kijana akaniambia, "Dada, filta tutaruka, utabadilisha safari ijayo." Oili mpya kupita kwenye filta iliyojaa uchafu wa kilomita 5,000? Ni kama kuoga halafu unavaa soksi za jana.

Nikaenda kwa mzee jioni, bila gari. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, umerudi lini?" Tukaongea habari za chuo, nikamwambia nataka kuleta gari kesho, lakini oili na filta nitakuja navyo mwenyewe. Akanyamaza. Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akasema, polepole, "Mwanangu, nyie watu hamlipi ufundi. Mnasema kufungua nati moja ni elfu mbili. Mimi nakula kwenye oili. Ukija na oili yako, mimi nakula nini?"

Wadau, hilo neno sikulipata popote kwenye simu. Tunawalalamikia mafundi kwamba wanatuwekea vitu vya bei rahisi, wanauza makopo matupu, lakini kazi ya mikono yao tumeiwekea bei ya soda. Mtu ana miaka arobaini ya ujuzi, anasikia kwa sikio tu kwamba beringi inaanza kulia, na sisi tunamlipa faida ya galoni. Tunamsukuma achague galoni lenye faida.

Nikamwambia, "Baba, mimi nimekuja kulipa ufundi. Elfu kumi, na kila siku 25 gari linakuja kwako." Akacheka, akaniita mchoyo kama baba yangu, tukakubaliana.

Kesho yake nikanunua oili kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, maana ikiwa feki nina pa kurudia. Mzee akawasha injini kidogo oili ipate moto, akamwaga, akasubiri hadi tone la mwisho, akapaka oili mpya kwenye mpira wa filta, akaikaza kwa mkono. Oili chafu akaiweka kwenye pipa lake, maseremala wanainunua kupaka mbao dhidi ya mchwa. Alipomaliza akaniomba lile galoni tupu, nikamwona anachukua msumari na kulitoboa mwenyewe kabla sijasema kitu. "Wanaojaza feki wananunua haya," akasema. Kisha akainama chini ya gari na kunionyesha mpira wa ekseli uliopasuka. Hilo sheli wasingeliona, walikuwa na haraka.

Kaka alirudi Jumatatu, mawe hayakuwa mengi kama walivyotangaziwa. Akakuta daftari kwenye dashibodi, ukurasa wa kwanza umejaa: tarehe, kilomita, 5W-30, SP, filta, elfu tisini. Alipoona elfu tisini alitaka kuongea, akageuza ukurasa akakuta ile hesabu ya injini, akanyamaza.

Nyie wenye magari ya nyumbani, someni kifuniko, ombeni risiti, toboeni galoni. Na lipeni ufundi.