Neno "Msimu" Lilitugombanisha

Kijiji chetu kina uwanja mmoja. Uko kati ya shule na barabara ya kwenda mjini. Upande wa shule kuna miembe mitatu, na watazamaji hukaa chini yake. Upande wa pili hakuna kivuli. Huko hukaa waliochelewa.

Watu wengi hutumia uwanja huo. Kuna timu mbili za mpira wa miguu, moja ya kitongoji cha juu na moja ya kitongoji cha bondeni. Kuna watoto wa shule. Kuna wasichana wa netiboli. Wao huchezea upande wa mashariki, na huchora mistari yao kwa majivu. Kisha kuna ngoma. Sisi ni Wasukuma. Baada ya mavuno, mwezi wa Juni na Julai, Wagika na Wagalu hushindana hapo mchana kutwa. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, moja huku na jingine kule. Watu huenda kwa lile linalowavutia. Kundi lenye watu wengi ndilo linaloshinda.

Miaka mingi hatukuwa na ratiba ya kuandikwa. Kila mmoja aliijua siku yake. Jumamosi ilikuwa ya kitongoji cha juu. Jumapili asubuhi ilikuwa ya wasichana, na jioni ya kitongoji cha bondeni. Ukitokea msiba uwanja ulikaa kimya, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya uwanja. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nalisema hili mapema, kwa kuwa kosa nitakaloeleza lilipitia mkononi mwangu.

Mwezi wa Agosti 2017 walikuja viongozi wa timu moja ya mjini. Uwanja wao ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Walikuwa kwenye ligi, na walitaka mahali pa kuchezea mechi zao za nyumbani. Walisema watalipa kodi ya shilingi 400,000 kwa msimu mmoja. Nusu wangelipa siku ile, na nusu mwishoni.

Ndugu wasomaji, uwanja wetu haukuwahi kutupa hata senti moja. Magoli yetu yalikuwa ya miti, na mchwa walikuwa wamekula mlingoti mmoja hadi katikati. Halmashauri ya Kijiji ilikaa jioni moja tu, ikakubali.

Wale wageni walikuja na mkataba uliokwisha kupigwa chapa. Ulikuwa ukurasa mmoja. Niliusoma haraka haraka, huku gari lao likiunguruma nje. Nikatia sahihi. Mwenyekiti akatia sahihi na mhuri. Tukapeana mikono.

Sentensi kubwa ya mkataba ule naijua kwa moyo hadi leo: "Mpangaji atatumia uwanja wote siku za mechi zake za nyumbani kwa msimu mmoja." Haikutaja tarehe. Haikutaja Jumamosi wala Jumapili. Haikutaja netiboli, wala ngoma, wala msiba.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wapangaji walicheza mara moja kwa majuma mawili. Walizungusha kamba uwanjani na kutoza shilingi 500 kwa mtu. Mama zetu waliuza karanga na miwa. Kwa fedha za kodi tulinunua magoli ya chuma na nyavu. Watu walinisifu njiani, nami nilifurahi.

Lakini shida moja ilianza kujitokeza. Mechi ya mpira wa miguu ni dakika 90, na mapumziko ya dakika 15. Ukianza saa 10 jioni, utamaliza karibu saa 12 kasorobo. Baada ya hapo huwezi kuanza mechi nyingine, kwa sababu jua linatua kabla ya saa 1, na sisi hatuna taa. Uwanja wetu ni mkubwa, lakini jioni yetu ni fupi. Ina nafasi ya mechi moja tu. Wapangaji wakicheza saa 10, vijana wetu walipaswa kucheza saa 8, jua likiwa kali. Walinung'unika. Sisi wa kamati tukawaambia wavumilie, kwani magoli mapya ni yao pia.

Mwezi wa Machi na Aprili 2018 mvua ilinyesha sana. Uwanja ukawa tope. Mechi za wapangaji zikaahirishwa moja baada ya nyingine. Wachezaji huita mechi ya namna hiyo kiporo, kama ugali wa jana. Viporo vikawa vingi, na ligi yao ikasogezwa mbele hadi Julai.

Sisi hatukufuatilia habari hizo. Mwezi wa Mei tulianza kuchuma pamba. Mwulize mkulima yeyote wa kwetu msimu ni nini. Atakuambia msimu huanza na mvua za kwanza, na huisha pamba ikipanda kwenye mizani. Basi kwetu msimu ulikuwa umekwisha, na mkataba ulikuwa umekwisha. Nilitangaza kwamba ngoma ingekuwa Jumapili ya tarehe 8 Julai, kesho yake ya Sabasaba. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo wasichana wetu wangecheza netiboli na timu ya kata ya jirani. Mshindi angekwenda kucheza wilayani.

Jumapili ile, saa 2 asubuhi, wasichana walikuwa wanachora mistari yao. Binti yangu alikuwa miongoni mwao. Yeye ni mfungaji. Mara likaja gari dogo la wapangaji, limebeba chokaa na kamba. Msimamizi wao akasema hakuna mtu atakayekanyaga uwanja hadi mechi yao ya saa 10 jioni. Wasichana wakamwambia wao watamaliza mapema, kwani mchezo wao ni wa saa moja tu, robo nne za dakika 15. Akakataa. Akasema amelipa uwanja wote.

Nilikuwa shambani. Nilipofika ilikuwa imepita saa 5. Wageni wetu wa netiboli walikuwa wamekwisha ondoka. Walikuwa wametembea kilomita 9, wakangoja, wakachoka. Kanuni ya mashindano ilikuwa kwamba mwenyeji asipoandaa uwanja, mgeni amepata ushindi. Walipata ushindi bila kushika mpira. Mistari ya majivu ilikuwa imekwisha kufutwa kwa ufagio.

Saa 6 ngoma zikaanza kufika. Hadi saa 8 watu wa vijiji vitano walikuwa wamejaa. Kisha likaja basi la wapangaji, na basi la wapinzani wao, na waamuzi. Hapo kelele zikaanza. Vijana wa kitongoji cha bondeni walishika kamba wakaikata. Mchezaji mmoja alisukumwa, akaanguka. Niliona mtu akiokota jiwe. Sungusungu waliingia katikati, na nawashukuru, maana bila wao ningekuwa naandika habari nyingine.

Kiongozi wa wapangaji akatoa mkataba mfukoni, akanipa. "Katibu, wasomee watu wako," alisema.

Nikasoma kwa sauti. Watu wakanyamaza. Mzee mmoja, ambaye alijifunza kusoma ukubwani katika darasa la kisomo, akainua mkono kama yuko darasani.

"Mwanangu, msimu gani?" akaniuliza.

"Msimu wa ligi," akajibu yule kiongozi.

"Sisi tulielewa msimu wa kulima," akasema mzee.

Wote wawili walisema kweli. Mimi niliyeshika karatasi sikuwa na la kujibu.

Aliyetuokoa ni manju wa Wagika. Hakubishana na mtu. Aliinua ngoma yake, akavuka barabara, akaingia katika shamba la mahindi lililokwisha vunwa. Wagalu nao hawakukubali kuachwa, wakamfuata. Watu wote wakawafuata Wagika na Wagalu. Wapangaji wakacheza mechi yao mbele ya waamuzi, mbuzi wachache, na mimi. Watazamaji waliolipa shilingi 500 walikuwa sita. (Mwenye shamba alikuja baadaye kudai mabua yake ya kulishia ng'ombe, ambayo yalikuwa yamekanyagwa yote. Alikuwa na haki. Tulimlipa.)

Wapangaji walikataa kutoa ile nusu ya pili. Walisema mechi yao iliharibiwa. Tulikwenda kwa Mtendaji wa Kata. Akasoma mkataba, akauliza "mwishoni" ni tarehe gani. Hatukuwa na jibu. Akauliza tena, "Mkutano Mkuu wa Kijiji ulikubali lini jambo hili?" Hapo tukatazamana. Hatukuwa tumelipeleka huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini. Haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kukubali kwanza. Sisi hatukugawa ardhi, tulikodisha tu, lakini nililielewa swali lake. Uwanja haukuwa wetu sisi watu kumi tuliokaa jioni ile.

Usiku ule nyumbani binti yangu hakula. Baadaye akaniuliza, "Baba, katika karatasi yenu sisi tuliandikwa wapi?"

Nikamwambia kwamba siku ya netiboli inajulikana na kila mtu.

"Wanaoijua wako kijijini," akasema. "Wenye gari hawakuijua."

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Aliyelipa aliandikwa. Wasiolipa hawakuandikwa mahali popote, kwa sababu hatukuona haja. Walikuwa na mazoea tu. Siku karatasi ilipokutana na mazoea, karatasi ilishinda.

Msidhani mambo haya ni ya vijijini peke yake. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam ulifunguliwa mwaka 2007. Una nafasi ya watu 60,000, na ni mali ya Serikali. Simba na Yanga wote wameutumia kwa mechi zao. Tarehe 8 Machi 2025 walikuwa wakutane hapo, Yanga wakiwa wenyeji. Usiku wa kuamkia mchezo Simba walifika kufanya mazoezi, wakazuiwa kuingia. Wakasema hawachezi, kwa kuwa kanuni zinaipa timu ngeni haki ya kufanya mazoezi hapo. Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo. Ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni. Timu mbili kubwa, zenye ofisi na wanasheria, na ugomvi ulikuwa wa nani aingie uwanjani saa ngapi.

Mkutano mkuu wetu ulifanyika Septemba 2018. Ulikuwa mrefu. Mtunza fedha alisema anayelipa lazima atangulie, la sivyo hakuna atakayekodi, na magoli yatarudi kuwa ya miti. Wengi walimpigia makofi. Naye hakuwa mjinga, hesabu yake ilikuwa sawa. Wasichana wa netiboli walikuja wote wakiwa wamevaa jezi zao, wakakaa mbele. Hawakusema neno hadi walipoulizwa. Nahodha wao akasimama akasema wanataka kitu kimoja tu, Jumapili saa 3 hadi saa 5 asubuhi iandikwe.

Iliandikwa. Nayo iliandikwa kwanza, kabla ya ya mpangaji yeyote. Kisha Julai nzima ikaandikwa kuwa ya ngoma. Siku za timu za vitongoji zikaandikwa. Zilizobaki ndizo tulizosema zinakodishwa. Timu ile ile ya mjini ilirudi, maana uwanja wao ulikuwa bado haujaisha. Safari hii tuliandika "kuanzia tarehe 1 Septemba 2018 hadi tarehe 31 Mei 2019". Tuliandika saa za kuingia na kutoka. Tuliandika kwamba kiporo kitafute siku iliyo wazi, wala kisimwondoe mtu mwenye siku yake. Niliusoma mkataba mara mbili mbele ya mkutano, polepole, na yule mzee aliuliza maana ya maneno manne. Mawili nilishindwa kuyaeleza, tukayafuta, tukaandika mengine.

Kiongozi wa wapangaji aliomba apewe taarifa siku saba kabla ikiwa kuna msiba. Watu walicheka sana. Yeye mwenyewe akacheka, akalifuta ombi lake.

Kodi ilishuka hadi shilingi 250,000, kwa sababu siku zilikuwa chache. Mtunza fedha bado hunikumbusha. Mimi naona tulipata bei halali ya kile tulichokuwa nacho cha kukodisha. Mara ya kwanza tulikodisha hata siku za watu wengine.

Tulipaka ratiba ile kwenye ubao, tukautundika kwenye mwembe wa katikati, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuufikia kwa macho.

Mwaka 2019 wasichana wetu walicheza tena na kata ya jirani, Jumapili, saa 3 asubuhi. Walichora mistari yao kwa majivu, na hakuna aliyewafukuza. Walifungwa 21 kwa 18. Binti yangu alirudi nyumbani na vumbi hadi magotini, akala ugali, akaniambia mvua imefuta neno "Jumapili" kwenye ubao, na akauliza rangi nimeiweka wapi.